Mkono wa Mtia Chumvi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, mwaka jana, mume wangu alianguka mbele ya mlango wa jiko, upande wake wa kulia ukiwa umekufa. Jumapili tulimzika. Katika siku hizo tatu nilipoteza watu wawili. Wa pili yu hai. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa kijijini, nje kidogo ya Newala mjini, na kila asubuhi namsikia akifagia uwanja wake. Kwa miaka kumi na tisa nilimwita Mama. Sasa nikilisikia fagio lake nafunga dirisha.

Jina lake sitalitaja. Kijiji kinamwita Mtia Chumvi, na hilo linatosha. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kupamba maneno. Nitaandika ninayoyajua, na yale ya aibu yangu mwenyewe sitayaruka.

Asiyetoka huku nimweleze kwanza. Kwetu chumvi haitiwi na kila mkono. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye chungu cha mumewe. Anamwita binti ambaye hajavunja ungo, au bibi aliyekoma kuzaa, amtilie. Vijana wakiingia jandoni wanakula chapwa, bila chumvi, mpaka siku yao ifike, na siku hiyo anatafutwa mwanamke mtu mzima, asiyelala tena na mwanamume, mwenye mwenendo safi, awarudishie chumvi. Waliofiwa nao ni vivyo hivyo. Na lipo moja lililo baya kuliko yote: mke aliyetoka nje ya ndoa haruhusiwi kugusa chumvi ya nyumba yake, maana wazee wanasema mumewe atakohoa mpaka afe. Kwa hiyo mke akiacha ghafla kutia chumvi, watu hawamwulizi kama anaumwa. Wanaulizana alilala wapi.

Mtia Chumvi aliishika kazi hii kuliko mwanamke yeyote niliyemwona. Alinunua chumvi ya mawe, ile ya kijivu inayotoka pwani, akaitwanga mwenyewe na kuiweka kwenye kifuu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Kitambaa hicho alikifua kila Alhamisi, hata miezi ile ya kiangazi ambayo mabomba ya Newala yanakauka na mtu anaficha ndoo yake chumbani kama mtu anayeficha mtoto wa kwanza. Kabla ya kutia alinawa mara tatu. Kisha alipita kwenye sufuria za msiba, moja baada ya nyingine, akitupa chumvi kwa ngumi, tup, tup, tup, bila kusimama na bila kuonja.

"Mama, onja basi kidogo," nilimwambia siku moja, nilipokuwa bado mgeni.

"Anayeonja hajui," akanijibu. "Mimi mkono unajua."

Zamani nilipenda kumtazama. Leo nikiukumbuka ule ukoko mweupe uliokauka kwenye ukingo wa sufuria, kama chumvi ya jasho kwenye kwapa la shati, nataka kutema. Maana mkono wake ulizidi kuwa mzito mwaka hadi mwaka, na sisi tulizidi kumsifu. Wanaume walikula, wakanywa maji, wakarudisha sahani. "Hiki ndicho chakula," walisema, "kinaushika ulimi." Mara moja tu, kwenye arusi, msichana mmoja mwenye mdomo alimwambia, "Bibi, leo umetia bahari nzima." Mtia Chumvi hakukasirika. Alisema, "Bahari wanayo watu wa Mtwara, mjukuu wangu. Mimi nimetia chumvi. Wewe umezoea uji wa mtoto." Watu walicheka mpaka yule msichana akaenda kujificha nyuma ya nyumba.

Alikuwa na ulimi wa namna hiyo, wa kumkata mtu na kumwacha akicheka. Lakini siwezi kusema alikuwa mtu mbaya, ingawa kuna siku natamani iwe hivyo, ningepumzika. Mwaka wa tatu wa ndoa yangu mimba ilitoka, na mama yangu mzazi alikuwa mbali, Lupaso. Aliyenishika ni yeye. Aliteremka bondeni akapandisha maji kichwani, mlima ule unaowatoa machozi wasichana wa miaka kumi na minane, na akazifua nguo zangu zenye damu bila kukunja uso. Hakumsimulia mtu. Kuweka siri alijua. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayejua kutunza siri yako anaweza kuwa na ya kwake.

Ajabu ni kwamba kwa wengine alidai ukweli kama polisi. Kabla ya kuwarudishia chumvi vijana wa jando, aliwakusanya mama zao, akawauliza mmoja mmoja, wenzao wakisikia: "Una neno?" Maana yake, kuna jambo umefanya ambalo chumvi hii ikiingia litamdhuru mtoto? Nimewaona wanawake wazito wakitetemeka mbele yake. Mmoja alikiri mambo yaliyovunja ndoa yake siku hiyo hiyo. Mtia Chumvi alimsikiliza, akamshika bega, akamwambia, "Umemponya mwanao. Ungenyamaza ungekuwa umemuua." Tulirudi nyumbani tukimwogopa na kumpenda.

Na mwenyewe hakuwahi kuonekana akila. Hili tuliliona wote, hakuna aliyeliona. Kwenye misiba alisema wapishi wanashibishwa na moshi. Kwenye arusi alifungiwa chakula chake akaenda nacho nyumbani, na kuku wake walinenepa kuliko kuku wa kijiji chote. Sisi tulisema ana staha.

Mume wangu, Baba Salma, alikuwa mtu wa mikorosho na mizaha. Msimu mmoja akiwa shambani anapuliza dawa ya unga, kizunguzungu kilimshika akakaa chini, bomba la dawa likiwa bado mgongoni. Tukaenda zahanati kupima. Nesi aliitazama mashine, akarudia mara mbili, kisha akavuta kiti akakaa karibu yetu. Hakupiga kelele. Alisema presha iko juu sana, na akampa vidonge vya kumeza kila siku. Kisha akanigeukia mimi. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na humo ihesabiwe ile ya mkate na ile ya samaki. Mgonjwa huyu nimpunguzie zaidi. Ng'onda, yaani samaki wetu wakavu wa chumvi, niwaloweke, nimwage maji, niwaloweke tena.

Njiani Baba Salma alicheka. "Ndoo mbili za maji kwa ng'onda mmoja! Huyo nesi ni wa wapi? Huyo samaki angekuwa hai asingetaka maji yote hayo."

Nilicheka na mimi. Lakini nilipofika nyumbani nilijaribu. Ng'onda nilimloweka mara moja, nikayatazama yale maji, yana povu la kijivu juu na harufu ya kitu kilichofia bandarini, nikatambua kwamba kwa kila sufuria iliyopita tulikuwa tumekula maji hayo. Nikapunguza chumvi kwenye kisamvu, kwenye mbaazi, kwenye kila kitu. Ming'oko, viazi vyetu vya porini, nilimchemshia mitupu, bila ile chumvi na pilipili ya kuchovya. Siku ya nne alisukuma sahani.

"Mama Salma, huu mwezi wako una wiki ngapi?"

"Nesi ndiye aliyesema, Baba Salma. Ulikuwepo."

"Nesi nilimwoa lini?"

"Basi tia mwenyewe."

"Mwanamume ajitilie chumvi, na mke yupo?" Alinitazama, na safari hii hakukuwa na mzaha usoni. "Au una neno?"

Aliuliza hivyo, mume wangu, kwa neno lile lile la Mtia Chumvi. Na hakuuliza yeye peke yake. Wiki iliyofuata nilifika bombani, wanawake wakanyamaza. Nilipoinama kuinua ndoo nikasikia nyuma yangu, "Hatii chumvi huyu. Mume anakula chapwa kama mwari." Mwingine akasema, "Anamwogopea kikohozi." Wakacheka kile kicheko cha puani. Nilifika nyumbani na nusu ya maji, mengine yalinimwagikia mgongoni kwa haraka ya kutoka pale.

Nilimkimbilia Mtia Chumvi. Ningemkimbilia nani mwingine? Nililia kwenye jamvi lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hilo ni jambo dogo. Baba Salma aje ale kwangu. Au ulete chungu hapa, nikitilie mimi. Mkono wangu hauna neno, kila mtu anajua. Hawatakuwa na la kusema."

"Lakini nesi amekataza chumvi, Mama."

"Amekataza mbichi. Ile ya kunyunyiza mezani. Ya kwangu inaiva. Chumvi ikishaiva imekufa, haina madhara."

Nesi hakusema hivyo. Nilijua kwamba hakusema hivyo. Lakini maneno yale yalikuwa matamu, na mimi nilikuwa nimechoka kutazamwa. Kuanzia siku hiyo Baba Salma alikula kwake, na siku zingine nilipeleka chungu mwenyewe, nikasimama pembeni wakati ngumi ile ikifunguka juu ya mboga. Hazikupita siku kumi, bombani wakaanza tena kunisalimia. Nilifurahi. Nataka iandikwe hivyo: nilifurahi.

Alikula hivyo mwaka mmoja na miezi. Alikula kwa pupa, akilamba mkono mpaka kwenye kiwiko, jasho likimtoka juu ya mdomo, na Mtia Chumvi akimwambia, "Kula, baba, kula, mwanamume ni sahani." Baadaye akaanza kuruka vidonge. "Presha yenyewe haiumi," alisema. "Kitu kisichouma ni ugonjwa gani?" Asubuhi aliamka ameshika kisogo, kichwa kinamgonga, akasema ni mawazo ya bei ya korosho. Nikimtazama alivyokuwa akila, na siku zile nilikuwa namtazama, nilikuwa naona jambo ambalo halikustahili kutazamwa. Nikaosha sahani.

Mwezi wa tatu mwaka jana, vidonge vyake havikupatikana kwenye duka letu la dawa. Nilishuka Masasi kumtafutia. Mtia Chumvi hakuwepo kijijini siku hiyo. Kila mwezi alikuwa na siku yake ya kwenda Lulindi kumwona dada yake, nasi tulimpa salamu za huyo dada ambaye hatukuwahi kumwona. Niliingia kliniki moja kuuliza dawa. Kwenye foleni ya presha, kwenye benchi la mbele, nikakiona kitambaa chake cheupe kichwani.

Sikumwita. Nilisimama nyuma ya mlango. Nesi alichukua kadi yake, na kadi yenyewe ilikuwa imelegea kama noti ya zamani.

"Bibi, shikamoo. Tukubadilishie kadi hii, imechakaa."

"Marahaba, mwanangu. Iache tu, tumezoeana."

"Mwaka wa saba huu unakuja. Presha yako nzuri, bibi, unawashinda hata vijana. Chumvi bado umeacha?"

"Hata punje."

"Hata kwenye mboga?"

"Nyumbani kwangu nakula chapwa."

Mama mmoja kwenye benchi akadakia, "Mimi nasikia iliyopikwa haina shida, bibi."

Mtia Chumvi akamgeukia. Alimjibu kwa upole, kama alivyozoea kunijibu mimi. "Chumvi ni chumvi, mama. Ikiiva inakwenda wapi? Si inabaki humo humo chunguni?"

Nesi akasema, "Mnamsikia bibi?" Wakampigia makofi.

Aliponiona ilikuwa stendi, tukisubiri gari la kupanda Newala. Hakushtuka. Alinisogezea nafasi kwenye gogo.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia. Mama, yule ni mume wangu."

"Najua ni mume wako."

"Miaka saba unajua. Ukaniambia imekufa ikiiva."

Alikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. "Nikisema mimi sili chumvi, nani atanipa chungu? Mtia chumvi mwenye presha ni kitu gani? Watamchukua mwingine, na mimi nitabaki bibi wa kufukuza kuku. Hii ndiyo kazi niliyonayo, Mama Salma. Sina nyingine."

"Na Baba Salma?"

"Baba Salma ni mtu mzima. Nisipompa mimi atapewa na mwingine. Na wewe, wale wa bombani watakurudia. Unataka wakurudie?"

Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Sikusimama. Tulipanda gari moja, kiti kimoja, magoti yakigusana mlima mzima, na sikusema neno. Nyumbani nilimpa Baba Salma vidonge vyake, akauliza kama Masasi kuna jipya. Nikasema hakuna.

Kutoka siku ile mpaka siku aliyoanguka zilikuwa wiki kumi. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya tatu alikuwa amesimama uani na bakuli lake tupu, anakwenda kwa Mtia Chumvi, akaniuliza, "Unasemaje?" Nikasema, "Mwambie namsalimia." Nilijichukia hata maneno hayajaisha. Na chuki hiyo haikunizuia kulala.

Alipoanguka hakuwa na neno la mwisho, kama watu wanavyopenda kusimulia. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, ukitoa mate. Msibani Mtia Chumvi alilia kuliko ndugu zake wa damu, na katikati ya kilio akainuka, akanawa mara tatu, akaenda kutia chumvi sufuria za waombolezaji. Watu walikula. Nilikuwa ndani, nimefunikwa khanga, na harufu ya mchuzi ule ilipoingia chumbani nilibana pua kwa vidole.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, nikila chapwa kama desturi inavyotaka. Wiki za kwanza kila kitu kilikuwa kama kutafuna kitambaa. Kisha ulimi ukaamka. Nikaanza kuusikia muhogo wenyewe, mbaazi zenyewe, utamu uliokuwa umefunikwa miaka yote. Nilikula peke yangu nikalia, maana nilifahamu kwamba angezoea. Ilihitaji mwezi mmoja tu wa mimi kutojali maneno ya bombani.

Eda ilipokwisha, mwezi wa kumi, wanawake walikuja kunirudisha kwenye chumvi. Walikaa uwanjani kwangu kama ishirini hivi. Kuku alikuwa jikoni. Mtia Chumvi alikuja na kifuu chake, akanawa, akatia. Kisha akaninyooshea tonge la ugali lililochovywa mchuzi, la kunirudisha.

"Anza wewe, Mama," nilimwambia.

"Mimi nimeshakula nyumbani, mwanangu."

"Basi kula tena. Tonge moja."

 Nikawageukia wanawake. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Mama hali chumvi. Ana presha. Kila mwezi anakwenda kliniki Masasi, hakuna dada wa Lulindi. Mwaka wa saba huu anakula chapwa, na huku chumvi alikuwa akimpa mume wangu."

Jikoni mafuta yalikuwa yanalia. Kisha mmoja akacheka. Wa pili akamfuata, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mtia Chumvi hali chumvi!"

"Na imamu hajui kuswali!"

"Maskini Mama Salma, eda imemvuruga."

Mtia Chumvi alicheka pamoja nao. Akaurudisha mkono, akaliweka lile tonge kinywani mwake, akatafuna huku akinitazama. Akala la pili. Akachovya la tatu mpaka vidole vikazama, mchuzi ukamtiririka kidevuni, akameza. "Mmeridhika?" akauliza. Vigelegele vikapigwa.

Kisha akaninyooshea langu. Mjane anayekataa chumvi mbele ya watu amekubali kwamba ana neno, na nililiona swali hilo likianza kwenye macho ya wawili watatu. Nikafungua mdomo. Ilikuwa kali mpaka masikio yakaziba. Nikameza, nao wakanipigia vigelegele na mimi.

Wakati wanapakua, Mtia Chumvi aliniambia anakwenda msalani. Hakwenda msalani. Nilimkuta nyuma ya jiko, ameegemea ukuta wa udongo kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono wa pili, mkono ule, vimeingia kooni. Alikuwa anatapika kimya kimya, kwa ustadi, kama mtu aliyezoea. Ugali ulitoka na mchuzi wa njano. Aliingiza vidole tena kuhakikisha hakuna kilichobaki. Nilisimama nikatazama mpaka mwisho, kisha nikamletea kata ya maji. Akasukutua, akatema, akafuta kidevu.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Nimeshawaambia, Mama."

Alifikiri kidogo. "Ndiyo," akasema. Akafunga khanga vizuri, akapita pembeni ya nyumba kurudi kwa wenzake.

Nikachukua jembe nikaanza kufukia. Mbele nikamsikia jirani mmoja akisema, "Mama, wa kwangu wawili wanaingia jandoni likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Tunakutegemea wewe."

"Nitakuja," Mtia Chumvi akamjibu. "Msihangaike na chumvi, nitakuja na yangu."